Malenga wa Majitaka

Ipo nchi moja ambayo wachora ramani wameisahau kwa heshima. Raia wake ni watu wema, hulipa kodi wakitabasamu, na kila linalofanywa na serikali yao huanza kwa shairi. Wageni hucheka wakisikia hivyo, lakini wageni hawajui historia. Muasisi wa nchi hiyo alikwenda kufungua kisima pasipo mtu kumghania hata ubeti mmoja. Akaonja maji, akayatema, akasema yana chumvi. Wataalamu walitaka kueleza kwamba kisima kimechimbwa karibu na bahari, wakaelezwa wao. Tangu siku hiyo ikawa sheria: jembe la umma haligusi udongo mpaka malenga wa idara inayohusika aghani, na mafundi huchimba pale tu shairi linapopataja.

Ndiyo maana kila idara ina malenga wake. Yupo Malenga wa Barabara, ambaye mashairi yake ni marefu kuliko barabara zenyewe. Yupo Malenga wa Umeme, ambaye hughani gizani. Na yupo Malenga wa Majitaka, ambaye wakati wa kisa hiki alikuwa Mwinyimvua Pazi, kijana mrefu, sauti ya asali, kidevu laini kama sahani iliyooshwa.

Huyo Mwinyimvua ndiye aliyemnyima Shaweji usingizi.

Shaweji alikuwa dobi. Ushairi hakufundishwa na mtu. Aliokota vina mwenyewe, huku pasi ya makaa ikipanda na kushuka juu ya suruali za watu, mpaka akawa hawezi hata kuomba chumvi bila mizani kutimia. Aliwahi kuomba ule umalenga. Jopo la usaili likamwambia shairi lake ni zuri, tena limezidi kidogo, kwani lina hatari ya kuwafanya wananchi wafikiri. Kazi akapewa Mwinyimvua, ambaye mjomba wake alikuwa mwenyekiti wa jopo, jambo lililorahisisha sana usahihishaji, maana mwandiko ulikuwa unafahamika.

Na joho la umalenga, lile jeusi lenye tarizi ya dhahabu, lilikuja kila wiki kupigwa pasi. Kwa nani? Kwa Shaweji. Alilinyoosha kwa nguvu mpaka meza ikalalamika.

Hayo yote angeyavumilia. Lakini mkewe, Sikudhani, alikuwa na redio. Siku moja Mwinyimvua alikuwa akighani redioni kufungua choo cha stendi, naye Sikudhani akaacha kuchambua mchele, akainamisha kichwa, akasema: "Ana sauti."

Basi, hilo tu. Ana sauti. Shaweji alilibeba neno hilo mwezi mzima kama mwiba wa samaki uliokwama kooni.

*

Asubuhi moja Sikudhani alimwaga ndoo ya maji chooni, na maji, badala ya kushuka, yakaenda kutokea bafuni. Yalipanda kwenye tundu la bafu taratibu, yakiguna kama mzee aliyeamshwa kabla ya saa yake. Harufu ikafuata nyuma bila haraka, kama mtu anayejua kwamba amefika kwake.

"Shaweji!" Sikudhani aliita. "Njoo upokee wageni wako."

Akaitwa Fundi Mbwiga, mtu ambaye hakuwahi kuona bomba bila kusimulia bomba jingine. Aliingia, akanusa, akatikisa kichwa kwa furaha.

"Hii si mchezo. Shemeji, ukimwaga chooni yanapandia wapi?"

"Bafuni."

"Na ya jikoni?"

"Ya jikoni yanashuka vizuri. Yana bomba lake."

"Basi jikoni hakuna ugonjwa. Choo na bafu wanaoana hapa ukutani, halafu wanasafiri pamoja mpaka mtaro wa mtaa. Ndoa imevunjikia njiani. Kaka Shaweji, bluu ya kufulia unayo?"

Dobi akose bluu! Shaweji akaleta kopo zima. Fundi akalikoroga kwenye ndoo, akaimwaga yote chooni, kisha wote watatu wakaenda nyuma ya nyumba, kwenye mkungu mkubwa ambao majani yake yalikuwa yamenawiri kuliko miti yote ya mtaa. Wakangoja. Punde udongo wa shinani ukalowa, ukatoa kidimbwi, na kidimbwi kikawa buluu kama anga la Idi. Kuku wa jirani wakapita humo, wakaondoka na miguu ya buluu.

"Umeona?" Mbwiga alisema. "Mizizi imeingia kwenye maungio, imelipasua bomba. Ni hapa hapa."

"Basi chimba!"

Fundi akarudi nyuma hatua kama aliyetukanwa. "Nichimbe? Bila shairi? Kaka, umemsahau Mzee Kidude wa mtaa wa juu? Alichimba bila shairi, akafukia kwa mikono yake, na bomba likachukuliwa kama kielelezo. Mpaka leo liko mahabusu. Mimi bluu nimeiona, lakini serikali haijaiona."

Maana kwa sheria ya nchi hiyo, kilicho tumboni mwa raia ni chake. Kikishatoka, ni mali ya serikali, pamoja na njia yake.

"Si wewe mshairi?" Sikudhani akamgeukia mumewe. "Ghani, tuchimbe."

"Mimi si malenga wa serikali."

"Basi aitwe mwenye kazi yake. Aitwe Mwinyimvua."

Alilitaja jina hilo bila kujikwaa. Shaweji aliliona hilo, akaliweka moyoni pamoja na lile la sauti.

*

Mwinyimvua alifika kwa gari la serikali, pamoja na Mheshimiwa Mkurugenzi wa Majitaka, mpiga ngoma wa idara na mpiga picha, na majirani wakajaa uani. Hakwenda nyuma ya nyumba. Alishuka na leso yenye marashi, akaketi barazani, mkabala na dirisha la jikoni, na humo dirishani Sikudhani alikuwa akikaanga vitumbua, uso unang'aa kwa moto.

"Bwana Malenga," Shaweji alisema, akijilazimisha, "ugonjwa uko nyuma, kwenye mkungu. Tumetia bluu, na..."

"Ndugu dobi," Mwinyimvua akamkata kwa upole, macho yakiwa dirishani, "usinipe mahali. Mahali huja penyewe."

Akafumba macho, akayafumbua dirishani kulekule, akaghani:

*Bomba limeshazidiwa, habari zipo sokoni,*
*Serikali yasifiwa, haitii mfukoni,*
*Na Waziri kaambiwa, yuko mapumzikoni,*
*Chimbeni mmejaliwa, ufa wake u jikoni.*

Mkurugenzi alitokwa na machozi kwenye mstari wa pili, akayafuta haraka kabla ya mpiga picha kujiweka sawa, ikabidi alie tena.

"Jikoni?" Shaweji aliruka. "Jikoni hakuna neno! Maji ya jikoni yanashuka!"

"Ndugu yangu," Mwinyimvua alimjibu kwa huruma ya msomi, "nimeanza sokoni, nikapita mfukoni, nikafika mapumzikoni. Ulitaka niishie wapi? Huo mkungu wako ungeingia na kina gani?"

"Ungeingia kama macho yako yangetoka dirishani!"

"Malenga hutazama penye msukumo."

Ndani, Sikudhani alicheka. Alimcheka nani? Au kitumbua kilimrushia mafuta? Shaweji hakujua, na kutojua kulimuunguza kuliko mafuta.

Mafundi wakaingia jikoni. Wakavunja sakafu, wakang'oa meko, wakachimba mpaka wakalikuta bomba. Mbwiga akalipiga-piga, akalisikiliza, akainua kichwa. "Mheshimiwa, hili ni zima."

Mkurugenzi akasogea ukingoni mwa shimo na kutoa hotuba ambayo bado inakumbukwa katika idara.

"Wananchi! Hapa tuna pande mbili: shairi na bomba. Shairi limepitishwa na idara. Bomba halikupitishwa na mtu. Limejilalia tu humu ardhini bila kuaga. Sasa nawauliza, kati ya hawa wawili, mwongo nani?"

"Bomba!" watu wakajibu.

"Basi lirekebishwe lipatane na shairi."

Mbwiga akatema mate mikononi, akashusha nyundo. Bomba la jikoni likapasuka vipande. Kisha likatengenezwa upya kwa ustadi mkubwa, likafukiwa, likapigwa picha, na gari likaondoka na vitumbua vyote. Mwinyimvua alikula cha kwanza, akasema hajawahi kuonja kitu kama hicho. Sikudhani akasema, "Ahsante, Malenga." Na hilo nalo Shaweji akaliweka moyoni, ingawa mle moyoni nafasi ilikuwa imekwisha.

*

Sasa nyumba ilikuwa na uvundo bafuni na haikuwa na meko. Nguo za wateja zilinusa kabla hazijavaliwa. Sikudhani alikoga kwa jirani, akapika kwa jirani mwingine, na jioni akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Nisikilize, mume wangu. Ijumaa ikinikuta na mavi haya bafuni, nahamia kwa dada yangu."

"Kwa dada yako, kule karibu na kwa Mwinyimvua?"

"Kule karibu na choo kinachoshuka, Shaweji."

Alikuwa na maana hiyo tu, na angekuwa mume mwingine angeelewa. Shaweji alielewa kinyume. Akaacha pasi, akashika kalamu. Alikwenda na kurudi kati ya kamba za nguo, akinong'ona, akihesabu mizani kwa vidole, akifuta, akianza upya. Hakulitunga kwa ajili ya bomba tu. Alilitunga ili dunia isikie, mle ndani ya mistari minne, nani ana sauti.

Raia huruhusiwa kupinga shairi la serikali mbele ya Baraza la Vina. Shaweji akavaa kanzu yake nzuri, akaenda, akaghani. Wazee wa Baraza waligonga meza kwa raha. Wakakagua vina: havina dosari. Wakakagua mizani: imetulia kama maji mtungini. Mmoja akaomba arudie ubeti, ati wa kupeleka nyumbani.

"Basi mafundi wachimbe kwenye mkungu?" Shaweji aliuliza, moyo unapaa.

"Haiwezekani," mwenyekiti akasema kwa masikitiko. "Shairi la raia haliwezi kulipinga la serikali, hata likiwa la kweli. Hasa likiwa la kweli. Lakini malenga wa idara akilighani kama lake, hapo serikali itakuwa imejipinga yenyewe, na hiyo ni haki yake. Kampe Mwinyimvua."

Shaweji alitoka mle akiapa kulichoma moto. Akafika kwake. Akamkuta Sikudhani amekunja khanga zake, amezipanga juu ya kitanda, na begi liko wazi. Shaweji akalitazama begi. Aligeuka na kwenda kwa Mwinyimvua, miguu ikimbeba kama maiti.

Mwinyimvua alisoma. Akasoma tena. Kidevu kile laini kikacheza kidogo.

"Si baya," akasema.

"Si baya?"

"Nitaligusagusa."

"Ukigusa hata nukta nitakuvunja hayo meno!"

"Haya, haya. Nitalighani kama lilivyo." Mwinyimvua akatabasamu, akalitia mfukoni. "Na wewe, ndugu dobi, utanyamaza kama ulivyo."

Nyumbani Shaweji alimwambia mkewe, "Ngoja mpaka Ijumaa," wala hakueleza zaidi. Angeelezaje? Mtu hutangaza mali yake iliyoibwa. Mali aliyoigawa kwa mkono wake huinyamazia.

*

Ijumaa uwanja wa nyuma ulijaa. Kulikuwa na turubai, viti vya plastiki, maji ya chupa kwa wageni waheshimiwa, na wananchi walioziba pua kwa adabu, kwa vidole viwili tu. Mbwiga na wenzake walisimama na majembe yameinuliwa. Malenga wa serikali haruhusiwi kushika karatasi, kwani serikali haisahau. Mwinyimvua akapanda kwenye kreti la soda, joho limenyooka kama ukuta. Shaweji alijua kila kunjo lake.

Sikudhani alisimama mbele, begi miguuni.

*Nyumba imeshalalama, kwa kero na kwa machungu,*
*Choo kimekwishagoma, yafoka maji ja chungu...*

"Aaaah!" umati ukavuma. Shaweji akauma mdomo. Ile *aaaah* ilikuwa yake. Ilitoka kwa watu ikapita juu ya kichwa chake, ikaenda kutua kwenye tarizi ya dhahabu.

*Mke wangu atahama, asusie nyumba yangu...*

Na hapo Mwinyimvua akamnyooshea mkono Sikudhani. Mke wake! Nyumba yake! Watu wakapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele, na mzee mmoja akamwambia jirani yake, "Sikujua kama Malenga ameoa." Shaweji aliona giza la adhuhuri.

*Chimbeni kule kwa nyuma...* Mwinyimvua akaghani, bado anamtazama Sikudhani, naye Sikudhani akamtazama yeye kwa macho makavu, makali. Malenga akasita. *Chimbeni kule kwa nyuma...* akarudia. *Penye...*

Mbwiga akabadilisha mkono wa kushikia jembe.

*Penye...*

Jasho likaanza kushuka kwenye kile kidevu. Amesahau! Shaweji alihisi kitu kitamu kikimshuka kooni, kitamu kuliko kitumbua chochote. Maneno yaliyobaki yalikuwa ulimini mwake, mepesi, yakingoja tu mdomo ufunguke. Akaufunga. Aanguke, alijisemea. Aanguke mbele ya Sikudhani, naye amwone huyo mwenye sauti.

*Penye...* Mwinyimvua akatapatapa akitafuta kina, *penye... penye chumba changu!*

Kina kilikuwa kimetimia. Mkurugenzi akatikisa kichwa kukubali. Mbwiga na wenzake, watii wa sheria, wakageuka na majembe yao kuelekea chumba cha kulala cha Shaweji. Hatua za kwanza zikapita mlangoni. Jembe la mbele likaelekezwa kwenye miguu ya kitanda. Shaweji aliona yote hayo, na bado mdomo wake ulikuwa umefungwa. Alijiambia kwamba anameza mate.

*"Penye shina la mkungu!"*

Sauti ilikuwa ya mwanamke, kavu, wazi, kila mizani mahali pake. Majembe yakasimama. Watu wote wakamgeukia Sikudhani.

"*Chimbeni kule kwa nyuma, penye shina la mkungu,*" akarudia, kama anayemfundisha mtoto. "Rudini nyuma ninyi, mtanivunjia kitanda!"

"Nani amekupa maneno hayo, mama?" Mkurugenzi akauliza.

"Nani mwingine? Ni ya mume wangu. Wiki nzima ananinong'onea usingizini."

Moyo wa Shaweji uligonga. Akapiga hatua mbele. "Kweli, Mheshimiwa! Ni langu! Lote langu!"

Mkurugenzi alimtazama kuanzia kofia mpaka ndara, kisha akacheka, cheko la mtu aliyesomea utawala.

"Wewe? Mafundi wanaingia chumbani kwako na majembe, umesimama umeziba mdomo. Kuna mwenye shairi anayeweza kuacha kitanda chake kichimbwe, ilhali neno la kukiokoa analo kinywani? Mtu wa namna hiyo hayupo hata katika nchi hii." Akamgeukia Sikudhani kwa heshima. "Mama, mke mwema humpa mumewe sifa zake. Lakini serikali haidanganyiki. Aliyekamilisha ubeti ndiye mwenye ubeti."

Shaweji akafungua mdomo ili aeleze kwa nini aliufunga. Sikudhani alikuwa anamtazama, naye pia anangoja kusikia sababu. Akaufunga tena.

*

Walichimba kwenye mkungu. Mizizi ilikuwa imejipenyeza kwenye maungio kama vidole kwenye kinywa cha mtoto; bomba la udongo lilikuwa limepasuka na kubonyea. Wakakata mizizi, wakatoa vipande, wakalaza bomba la plastiki kwa mteremko mzuri kuelekea mtaroni, wakaliunga kwa gundi, wakamwaga maji. Yakaenda. Hayakuguna hata kidogo.

Mwinyimvua aliadhibiwa kwa mujibu wa taratibu: alipandishwa cheo, akawa Malenga wa Viwanja vya Ndege, akahama mji. Shaweji hakupata hata nafasi ya kumfurahia, kwa sababu joho jeusi lenye tarizi ya dhahabu lilikuwa limeshavalishwa mtu mwingine, likapunguzwa mikono kidogo, na likamkaa vizuri.

"Ulikuwa unangoja nini, Shaweji?" Sikudhani alimuuliza usiku wa kwanza, kwa sauti ya chini. "Jembe lifike kwenye mto?"

"Nilikuwa namtazama yule."

"Na mimi je, ulinitazama?"

Shaweji akageukia ukutani, akihesabu kwa vidole. Hapakuwa na kina.

Begi lilirudi juu ya kabati. Bafu likakauka, meko yakajengwa upya, nguo za wateja zikaacha kunuka. Kila asubuhi gari la serikali lilipiga honi mlangoni, na Sikudhani akatoka, akaenda mtaa huu na mtaa ule. Yeye, tofauti na waliomtangulia, alikuwa na tabia ya ajabu: alikwenda nyuma ya nyumba kwanza, akatazama, ndipo akaghani. Wataalamu wa idara waliiona tabia hiyo kuwa hatari, lakini mabomba yakawa yanapona, na serikali ikaamua kujisifu kwa hilo. Redioni watu waliacha kuchambua mchele. "Ana sauti," walisema.

Shaweji alimngoja. Alijua itafika siku atakwama. Mwanamke aliyejifunza vina kwa kusikiliza kupitia usingizi wa mumewe, ataacha kukwama? Atakuja tu, ataketi kitandani, atasema, Mume wangu, nitafutie kina. Naye Shaweji alikuwa ameshaandaa namna atakavyonyamaza kwanza, kidogo, kabla ya kumpa.

Jioni moja alimsikia chumbani akinong'ona. Shimo la majitaka lilikuwa limebomoka karibu na shule, na shairi lilitakiwa kesho yake. Shaweji akatua pasi polepole, akasogea mpaka mlangoni, akatega sikio. Alimsikia akianza, akifuta, akianza tena. Akamsikia akinyamaza. Sasa, akasema moyoni. Sasa ataniita.

Sikudhani akavuta pumzi, akaghani ubeti mzima tangu mwanzo mpaka mwisho, bila kusita. Shaweji alihesabu mizani kwa vidole gizani pale mlangoni, akitafuta iliyopungua. Haikupungua hata moja. Akakagua vina. Akatafuta angalau mstari mmoja ulioibwa kwake.

Akarudi kwenye meza yake, akakuta pasi imeunguza suruali ya mtu, akasimama akiitazama ikitoa moshi. Shairi lilikuwa zuri, tena lilikuwa la Sikudhani mwenyewe.